Nilimuua Bibi Yangu Ili Nicheze Wingi ya Kulia

Kosa ni langu. Nalitanguliza mbele kabisa, nisije nikafika katikati ya habari nikaanza kutafuta wa kumsukumia. Nilimuua bibi yangu mzaa mama, tena nilimuua asubuhi na mapema, kwa mdomo tu, huku mwenyewe yuko kwake anakaanga mhogo na hana hata mafua.

Wewe unayesoma, sogea karibu, maana mengine ya haya ni ya kunong'onezana. Jina langu silitaji. Chuo changu cha ualimu sikitaji pia, wala klabu ya mjini iliyonitia tamaa. Nitataja jina langu la uwanjani tu, kwa sababu bila hilo habari haisimami: Chafya. Walionijua kwa jina hilo watacheka, na wana haki.

Niliitwa Chafya kwa sababu ya mbio. Nilicheza wingi ya kulia, kule pembeni kabisa kwenye mstari, na kazi yangu ilikuwa kusubiri mpira mrefu. Ukija tu, nimekwenda! Watu wa Tanga walisema kwamba namjia beki kama chafya: hajui imetoka wapi, anashtukia imeshapita, na yeye macho ameyafumba.

Niache nijisifu kidogo, maana sifa zenyewe zilikwisha na haya ni makombo. Mwaka wangu wa kwanza chuoni niliingizwa timu kubwa kabla sijazijua njia za bwenini. Mwaka huohuo tuliwafunga wenzetu wa chuo cha milimani mabao mawili kwa moja, yote mawili yametoka mguuni kwangu, na mguu wenyewe ulikuwa mtupu! Tuliwafunga askari. Tuliwafunga makarani wa bandarini, waliokuja na njumu zinazolia kwenye changarawe, wakaondoka wamezishika mkononi. Wapishi wa chuo walikuwa wakinifichia ukoko. Nani angebaki na akili timamu?

Lakini nusu ya sifa hizo hazikuwa zangu. Leo nasema, siku zile sikusema. Mpira mrefu haujileti wenyewe. Wangu ulikuwa ukiletwa na Stefano.

Stefano alikuwa hafubeki wetu, mchezaji wa katikati, Mnyamwezi, mtoto wa mkata mkonge wa shamba moja karibu na Pongwe. Mbio hakuwa nazo hata za kukimbilia mvua. Ila akiinua kichwa mara moja tu, anajua nitakuwa wapi, na mpira anautupa huko kabla mimi mwenyewe sijaamua kwenda. Nilikuwa nakimbia bila kutazama nyuma. Nilijua utakuja, na ulikuja.

Tena alikuwa mtani wangu. Mimi ni Mbondei, na Wabondei na Wanyamwezi wametaniana tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu. Yeye aliniita mtumwa wake. Mimi nilimuuliza kila asubuhi kama babu yake ameshautua ule mzigo wa pembe. Akiona nyama kwenye sahani yangu, anaichukua bila kuomba. Nikiona kofia yake mpya, naivaa mpaka ichakae. Mtani humkasirikii. Ukikasirika, wewe ndiye unayechekwa.

Jambo moja tu alilonieleza bila utani. Bibi yake aliyemlea kwao Tabora alifariki, na habari ikamfikia chuoni wakati matanga yameshaondolewa. Tulikuwa tunafua nguo. Aliniambia, "Sikumlilia, Chafya. Ningemlilia wapi, bwenini?" Nikampa pole, nikamwomba sabuni.

Masikini mimi! Laiti ningeyasikia vizuri maneno yale.

Basi akaja Salehe, kapteni wa klabu moja ya Chumbageni, mtu wa maneno laini na shati lililopigwa pasi. Alinikuta nje ya lango la chuo.

"Yakhe, Jumamosi tunacheza na watu wa Mombasa. Wingi wangu wa kulia anaumwa goti. Njoo unisitiri."

"Chuo hakiruhusu tuchezee klabu za mjini," nikamwambia. "Utanifukuzisha."

"Haya. Ila wale mabwana wanaochagua timu ya Jimbo la Tanga watakuwapo, wamekaa kwenye viti. Mimi simo. Wewe kaa huko ufundishwe kushika chaki, halafu usije ukanilaumu."

Timu ya Jimbo! Ndugu yangu, mtu wa timu ya Jimbo alikuwa akipelekwa Dar es Salaam, analala kwenye kitanda cha chuma, na akirudi hata wazee wanamwamkia wao kwanza. Nilitamani jambo hilo mpaka chakula kikawa hakina ladha.

Sasa, ruhusa ya kutoka chuoni ilikuwa ya ugonjwa au msiba. Ukisema unaumwa, unapelekwa hospitali na mtu wa kukusindikiza. Ikabaki msiba. Nikaanza kuchagua wa kufa.

Baba hapana, Mwalimu Mkuu alikuwa akimfahamu. Mama, ulimi ulikataa. Nikafika kwa bibi. Bibi alikuwa mzee, anachechemea mguu wa kulia tangu alipoanguka kwenye mkorosho enzi za usichana wake, na hakupenda kuulizwa alikuwa akifanya nini juu ya mkorosho. Alipenda kucheka kuliko kula. Nikajiambia, huyu hata akisikia atacheka. Basi nikamfisha yeye.

Asubuhi ya Jumamosi nilipita jikoni kutafuta kitunguu cha kujitilia machozi. Kitunguu hakikuwapo, nikachukua pilipili. Usijaribu! Nilifika ofisini kwa Mwalimu Mkuu kwa kupapasa ukuta. Yule Mzungu aliinuka kitini akanipa leso yake mwenyewe.

"Amefariki lini?"

"Alfajiri, bwana."

"Na anazikwa?"

"Leo alasiri, bwana."

Nilikuwa naomba niondoke haraka, si kwa majonzi, bali niende kisimani nikanawe. Lakini Mwalimu Yonathani, Msambaa mmoja aliyekuwa mwalimu wetu wa michezo, alinishika bega. Mlutheri mwenye uso wa kanisani, hacheki ila siku tukishinda. Akaniazima baiskeli yake. Baiskeli ambayo hata mkewe hakuruhusiwa kuiegemea!

Stefano akanikuta langoni, mwalimu anainama kujaza upepo magurudumu.

"Bibi?" akaniuliza.

"Bibi," nikamjibu.

Akakaa chini palepale kwenye majani, akalia. Mtu anayenicheka hata nikijikwaa, analia kwa sauti, mabega yanatikisika! Nilitaka kumwambia, wallahi. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini Stefano hakujua kuficha jambo, na mwalimu yuko hapohapo na pampu mkononi. Nikapanda baiskeli, nikaenda zangu mjini.

Hapo ndipo nilipokosea hasa. Uongo wa ofisini naweza kuutafutia maneno. Kumwacha Stefano amekaa kwenye majani sina neno la kusema.

Tena nilikuwa nimesahau jambo ambalo mtoto wa Kibondei hasahau. Msiba una mtani! Mtani ndiye anayekuja amejipaka majivu, anamwiga marehemu anavyotembea na anavyogomba, analizuia jeneza lisipite mpaka wafiwa watoe fidia anayoitaka. Akitaka kofia ya baba mkubwa, anapewa. Watu wanacheka na machozi yanawatoka, ndipo kifo kinakuwa na nafuu. Ni haki yake na ni kazi yake. Ningefikiriaje kwamba Stefano atakaa bwenini bibi wa mtani wake anazikwa?

Yaliyotokea huko nilisimuliwa baadaye na bibi mwenyewe, naye aliyasimulia mpaka kuku wakayajua.

Chuo kizima kilitoa sukari yake. Kila mwanafunzi alimimina fungu lake la wiki kwenye mfuko mmoja wa rambirambi, wakabaki na uji mchungu. Mwalimu Yonathani na Stefano wakapewa wakaupeleke. Wakapanda lori la mkonge, na walipofika Pongwe, Stefano akashuka kuwaita ndugu zake wa shambani. Wanyamwezi wale waliacha mapanga yao, wakachukua ngoma. Stefano akavaa kanga za mama yake, akajipaka majivu, akashika mkongojo.

Wakaingia uani kwa bibi, Stefano mbele, anachechemea mguu wa kulia barabara kabisa, analia, "Jamani, nani atanikaangia mhogo! Nani atanitukana asubuhi!"

Na bibi yuko pale, anageuza mhogo kwenye karai.

"Nani kafa?" bibi akauliza.

Ngoma ikakoma. Mwalimu Yonathani akavua kofia, kisha akaivaa tena.

"Wewe, bibi," akasema Stefano.

"Lini?"

"Leo alfajiri."

"Kawaambia nani?"

"Mjukuu wako."

Bibi akaepua karai, akafuta mikono. "Leo mjini kuna mpira?"

Kuna mpira, mwalimu akakumbuka. Kuna watu wa Mombasa, Chumbageni. Bibi anasema uso wa mwalimu ulibadilika rangi mara kadhaa, na cha kwanza alichotamka kilikuwa, "Baiskeli yangu!"

Mwanamke mwingine angekaa chini akalia. Bibi yangu alijifunga kanga vizuri. "Nileteeni kile kitanda cha kamba, na shuka nyeupe. Kama mimi nimekufa, basi nibebwe. Sitakufa bure." Wakampakia kwenye lori, kitanda na yeye juu yake, wakaelekea mjini.

Huku nyuma, mimi niko uwanjani na macho mekundu, nacheza mpira wa maisha yangu. Wale mabwana walikuwa kwenye viti kweli, mmoja ana penseli sikioni. Kipindi cha kwanza nilifunga bao, nikaona penseli ile imeshuka. Lakini nitasema ukweli: nilikuwa napata taabu. Hafubeki wa Salehe alikuwa ananitumia mipira nyuma ya visigino. Mara kwa mara nilijikuta nakimbia bila kutazama, kwa mazoea, na mpira hauji.

Wa Mombasa wakarudisha bao. Kipindi cha pili kikapamba moto. Mara mpira ukanifikia, sijui kwa bahati gani. Nikampita beki wa kwanza, akafumba macho. Nikampita wa pili. Golikipa akatoka, akateleza, akalala kifudifudi. Goli tupu! Bao la kunipeleka Dar es Salaam lilikuwa mbele yangu, mlango uko wazi, hakuna hata mbuzi!

Ghafla kelele zikakatika. Nikageuza shingo. Watu wote wameinuka. Pembeni mwa mstari, upande wangu, wanakuja watu wamebeba kitanda, juu yake mtu kafunikwa shuka nyeupe gubigubi, na ngoma inagongwa polepole. Refa, karani mmoja wa reli, akapuliza filimbi mchezo usimame.

Nanyi mnajua desturi yetu watu wa pwani. Jeneza likipita, hata kama unanyolewa unainuka na nusu ya nywele, unalitia bega hatua chache, upate thawabu. Mchezaji aliyekuwa karibu kuliko wote ni mimi. Nikauacha mpira mbele ya goli tupu, nikaenda mbio. Moyoni najiambia, afadhali hii thawabu itafuta uongo wa asubuhi! Nikasukuma bega langu chini ya mguu wa kitanda kwa heshima zote.

Juu yangu, ndani ya shuka, ikatoka sauti.

"Taratibu, mjukuu wangu. Marehemu anaumwa kiuno."

Lahaula! Miguu yangu, ambayo mabeki wa bandari nzima hawakuweza kuisimamisha, ilisimama. Nikatazama mbele, nikamwona Stefano. Majivu usoni, na ndani ya majivu njia za machozi zimepita. Nyuma yake Mwalimu Yonathani, haniangalii mimi, anatafuta kwa macho iliko baiskeli.

Wakatua kitanda juu ya mstari. Bibi akainuka, akakaa. Uwanja ukapasuka! Muuza kashata alitupa sinia akakimbia, na waliobaki wakajihudumia. Bibi akawapungia mkono watu kwenye viti.

"Mfiwa ni huyu!" Stefano akapaza sauti, ananielekezea mkongojo. "Mtani nimekuja, na maiti hapiti mpaka nipewe fidia!"

Walipoelewa, walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Wachezaji wa Mombasa wengi wao walikuwa Wadigo, desturi zetu wanazijua. Kapteni wao aliegemea nguzo ya goli asije akaanguka.

"Unataka nini?" nikamuuliza.

"Fulana."

Mtani hanyimwi, tena mbele ya watu wote wale! Nikaivua fulana ya klabu, nikampa. Akazitupa zile kanga, akaivaa juu ya jasho na majivu. Wakati anaingiza kichwa alikuja karibu kabisa na sikio langu, na utani ukamtoka wote usoni.

"Wangu sikumzika," aliniambia. "Nikasema leo nitamzika wako."

Basi, akaingia uwanjani. Salehe alikuwa anahitaji watu kumi na mmoja, hakuuliza neno. Refa akamtazama kapteni wa Mombasa, ambaye kwa kicheko hakuweza kusema, akapunga mkono tu. Stefano akamsukuma yule hafubeki aende wingi ya kulia mahali pangu, na yeye akasimama katikati na majivu yake, akaanza kutupa mipira mirefu. Nilikuwa naiona inavyokwenda. Kila mmoja ulianguka pale ambapo ningekuwapo. Yule bwana aliyewekwa pembeni, mzito kama gunia la chumvi, akafunga bao kwa goti, hakujua hata limeingiaje!

Nami nimekaa chini kifua wazi kando ya kitanda, nakula kashata isiyo yangu. Bibi akaniuliza, "Huyu anayepiga mipira mirefu ni nani wako?"

"Mtani wangu."

Bibi akatafuna kidogo. "Alikuwa," akasema.

Penseli ikaandika. Timu ya Jimbo ilipotangazwa, jina la Stefano lilikuwamo. Alikwenda Dar es Salaam akalala kwenye kitanda cha chuma.

Mimi, Mwalimu Mkuu hakunifukuza. Alinipiga marufuku kuvaa fulana ya chuo mpaka nimalize masomo, na akaidai leso yake. Bibi naye alikuwa na hukumu yake. Alinitwisha ule mfuko wa sukari kichwani, akasema maiti hanywi chai. Nikaingia nao bwaloni wakati wa uji, nikapita meza hadi meza na kijiko, namrudishia kila mmoja sukari yake, na kila mmoja ananiambia, "Pole na msiba, Chafya." Aibu gani ile! Hata kengele ya chakula ikilia nilikuwa natafuta pa kujificha.

Yote hayo niliyastahimili. Lililoniumiza ni Stefano.

Hakunigombeza. Hakuninunia hata siku moja. Alianza kuniheshimu! Asubuhi ananiambia, "Habari za asubuhi, bwana," na jina langu la kwenye daftari la chuo juu yake. Nyama yangu anaiacha kwenye sahani. Niliivaa kofia yake mpya makusudi, nikapita mbele yake mara ya kwanza na ya pili, akasema, "Imekupendeza, bwana. Ichukue." Nikamuuliza habari za mzigo wa pembe, akatabasamu kwa adabu kama mtu aliyeulizwa njia. Ewe msomaji mwenye mtani, utanielewa. Mtani akianza kukuita bwana, hapo ujue huna mtani tena.

Tukamaliza chuo. Yeye akapangiwa shule ya Pongwe, akawa anafundisha na kucheza. Mimi nikapelekwa karibu na Moa, mpakani huko, nafundisha watoto hesabu na kuwapulizia filimbi jioni. Wakimwona mwalimu wao anavyojikokota kwenye mstari hawajui kwamba aliwahi kuwa chafya ya mtu.

Mwaka huu, baada ya masika, bibi akaumwa. Nikaomba ruhusa, na mwalimu mkuu wangu wa sasa, aliyekwisha kusikia habari zangu, aliniuliza mara mbili kama ni kweli. Nilikuwa kwake alipokata roho. Alfajiri. Anazikwa alasiri. Vilevile kama nilivyosema siku ile na pilipili machoni, na safari hii sikuhitaji pilipili.

Nikampa dereva wa lori ujumbe ampelekee Stefano: njoo, bibi amefariki kweli. Dereva akarudi kabla ya adhuhuri. "Kasema hivi: Mwambie bwana mwalimu, bibi huyo nimeshamlilia."

Wanyamwezi wa shambani hawakuja pia. Walikumbuka walivyoacha mapanga siku ile wakabeba kitanda cha mtu hai mwenye njaa. Nani angewalaumu?

Basi bibi yangu, mwanamke aliyecheka mpaka akakaukiwa sauti, akatoka uani kwake kwa ukimya. Hakuna aliyezuia jeneza. Hakuna aliyedai kitu. Tulikuwa tunakwenda haraka haraka, kama tunapeleka mzigo stesheni. Nilishindwa! Nikatoka mbele ya jeneza, mimi mfiwa, nikaanza kuchechemea na kugomba kama yeye: "Nani kagusa karai langu!" Hakuna aliyecheka. Wajomba walinitazama, mmoja akaniambia taratibu, "Jikaze, mwanangu." Mtu hawezi kujitania mwenyewe. Nikarudi kwenye jeneza natokwa na machozi.

Tulipofika makaburini, nyuma ya shamba la mihogo, waliotangulia wakasimama ghafla. Kaburi lilikuwa na mtu.

Alikuwa amekaa chini kabisa ndani, amejipaka majivu, anamenya karanga na maganda ameyaweka kofiani kwa adabu. Amevaa fulana kuukuu ya klabu ya Chumbageni, imembana tumboni.

"Nimekuchungulia tokea huko," akasema Stefano. "Mguu umekosea. Umechechemea wa kushoto! Wa bibi ulikuwa wa kulia, mjinga wewe! Wingi ya kulia mzima, umesahau kulia kwako?"

Mjinga wewe! Hamwezi kujua neno lile lilivyonishuka moyoni. Miaka yote ile nilikuwa bwana.

"Stahafirullahi!" shehe akasema. "Toka humo, kijana, maiti anasubiri."

"Shikamoo, shehe. Maiti ananijua, tulishapanda lori pamoja. Ila huyu mtumwa wangu hajatoa fidia."

Shehe naye ni Mbondei. Aligeuka kando akakikohoa kicheko chake, na wajomba wakaanza kutikisika mabega, mmoja baada ya mwingine, mpaka mzigo ule ukawa msiba wa bibi yangu hasa. Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, siwezi kusema kipi kilizidi.

"Unataka nini, Stefano? Sema. Baiskeli? Saa?"

"Vyako vyote nitakuja kuvichukua mwenyewe. Fidia yangu ni nyingine. Utaandika gazetini. Uongo wako wote, na pilipili, na sukari. Na mipira ile mirefu ilitoka kwa nani, uandike. Usipoahidi, mimi nalala humuhumu, mtafutieni bibi kaburi jingine."

Nikaahidi mbele ya jeneza. Akanyoosha mkono, nikamvuta akatoka, na palepale akalitia bega lake kwenye jeneza tukamshusha bibi pamoja.

Kwa hiyo msinisifu kwamba nimetubu kwa hiari yangu. Haya mnayosoma ni fidia.

Enyi vijana wa vyuoni wenye mbio, mnaoitwa majina matamu na wapishi! Ukitaka kwenda kucheza, omba, ukikataliwa, kaa. Usimuue mtu wako kwa mdomo ukadhani utamfufua jioni mpira ukiisha. Bibi ulimrudisha, ndiyo, lakini machozi ya rafiki yako huna pa kuyarudisha. Na ukimwona mtu amekaa kwenye majani analia kwa ajili yako, shuka kwenye baiskeli. Shuka, hata kama mwalimu anatazama!

Nimemaliza. Sukari nimeisema, pilipili nimeisema, mipira mirefu ilikuwa yako. Na mguu ulikuwa wa kulia, Stefano. Nimeandika.